Alisema hajarudishiwa: kauli taarifa ilivyonigombanisha na CR

Najua nimekuwa kimya, wengine mmenitumia ujumbe kuniuliza kama nimedisko. Hapana jamani, bado nipo, ni hizi tesiti tu na mambo ya maisha. Leo sina habari za kantini wala za maji kukatika hosteli (ingawa yamekatika, siku ya tatu hii). Leo nataka kuongelea kitu ambacho wengi wenu mkisikia jina lake mtakimbia: kubadili kauli halisi kuwa kauli taarifa kwenye Kiingereza. Ile ile ya sekondari, "Rewrite the following sentences in reported speech", mnaikumbuka? Subirini kwanza, msikimbie, manake hicho kitu nusura kimtoe CR wetu kwenye nafasi yake, na aliyemponza ni mimi.

Wale tunaosoma pamoja kisa mnakijua nusu. Ngoja niwape chote.

Mnakumbuka ile safari ya Bagamoyo iliyokufa. Tulichanga elfu ishirini kila mtu, tuko watu 42, kwa hiyo jumla ni shilingi 840,000, na kwa mwanafunzi anayesubiri boom hiyo elfu ishirini siyo hela ya mchezo, ni wali maharage wa wiki nzima na chenji inabaki. Mwenye basi akalipwa yote mapema. Halafu ratiba ya tesiti ikabadilika, safari ikafa, CR akaanza kazi ya kumfukuzia mwenye basi arudishe hela za watu.

Tarehe 6 tukakaa kikao pale vimbwetani. CR akasimama akasema, "Jamani, mwenye basi hajanirudishia hela mpaka leo." Mimi ndiye katibu, nikaandika kwenye daftari langu kwa Kiswahili kama alivyosema. Kikao kikaisha, watu wakanung'unika, tukatawanyika.

Tarehe 12 CR akapata msiba. Babu yake aliyemlea amefariki, huyo akapanda basi kwenda Songea. Tukamchangia rambirambi, kidogo kidogo lakini tulimchangia. Tarehe 13, mtu yuko msibani, mwenye basi ndo akakumbuka kumtumia hela yote kwenye simu. Sasa niambieni, wewe unazika babu yako, utakaa uanze kuandika kwenye grupu la darasa kwamba hela imeingia? Akanyamaza, akasema moyoni atazigawa akirudi. Akarudi tarehe 19 usiku, amechoka, macho mekundu.

Huku nyuma ofisi ya idara ilikuwa imeomba ripoti fupi kuhusu hiyo safari na michango yake. Na kwa kuwa sisi ni watu wa Kiingereza, tukaambiwa iwe ya Kiingereza. Tarehe 20 asubuhi nikakaa na daftari langu, nikatoa ripoti ya ukurasa mmoja, safi kabisa, nikaweka tarehe juu, nikasaini chini. Katikati kuna sentensi hii: "The CR said that the bus owner has not returned the money."

Mmeiona?

Ofisini wakampigia simu mwenye basi. Mwenye basi akawatumia ushahidi wake, hela imetoka tarehe 13, imeingia kwa CR tarehe 13. CR akaitwa. Akaulizwa, ripoti ya tarehe 20 inasema umesema hela haijarudi, na hela unayo tangu tarehe 13, hii ni nini? Akajibu kwamba maneno yale aliyasema tarehe 6. Akaambiwa ripoti haisemi hivyo. Na kweli, ripoti haikusema hivyo! Mimi niliandika tu "in our last meeting", tarehe ya kikao sikuweka, halafu kwenye kitenzi nikaweka "has".

Kesi ilichukua siku mbili kuisha, mpaka nilipopeleka daftari lenyewe lenye tarehe. Lakini siku mbili kwenye grupu la darasa ni sawa na mwaka. Kuna mtu, na anajijua, aliandika, "Rambirambi tumekupa na hela zetu bado umekula." Kwa mtu aliyetoka kuzika. CR hakujibu. Alianza kugawa hela siku ile ile, mmoja mmoja, kila mtu anasaini, na alipofika kwangu alinipa elfu ishirini yangu bila kuniangalia.

Sasa hapa ndo penye hoja yangu. Mimi sijafeli sarufi. Nina B+ ya sarufi ya Kiingereza, na kwenye kwizi ya kauli taarifa nilipata 18 kati ya 20. Ukinipa sentensi yenye alama za kunukuu, "The bus owner has not returned the money," the CR said, nikabadilishe, nitaweka "had" nimefumba macho. "Has" inakuwa "had", "will" inakuwa "would", "today" inakuwa "that day", "here" inakuwa "there". Jedwali lote ninalo kichwani tangu sekondari, mwalimu alilichora ubaoni safu mbili tukalinakili, tukaliimba. Lakini siku nilipoandika ripoti hakukuwa na alama za kunukuu. Hakukuwa na maagizo ya "rewrite". Kulikuwa na daftari la Kiswahili linalosema "hajarudishiwa" na mkono wangu unaotafuta Kiingereza chake, na Kiingereza cha "haja-" kilichonijia ni "has not". Basi. Jedwali halikunijia kabisa, kwa sababu kichwani mwangu jedwali linaishi chumba cha mtihani, haliishi kwenye maisha.

Na hakuna siku hata moja niliyowahi kuambiwa "had" ile inafanya kazi gani. Sio siku moja. Niliambiwa inabadilika. Ukiuliza kwa nini inabadilika unajibiwa kwa sababu imekuwa reported speech. Haya!

Ngoja niwaambie ninavyoielewa sasa, baada ya kuumbuka. Kiswahili kinapopeleka maneno ya mtu kinaiacha saa ya yule aliyesema. "Jana aliniambia anaumwa." Hiyo "ana-" haisemi anaumwa leo ninapokusimulia, inasema aliumwa pale alipokuwa anasema. Wewe msikilizaji unajua mwenyewe, hakuna Mswahili anayechanganyikiwa hapo. "Alisema atakuja", huko kuja ni mbele yake yeye alipokuwa anasema, inawezekana ameshakuja na ameshaondoka. "Alisema hajarudishiwa", hajarudishiwa wakati ule, baada ya hapo Mungu anajua. Tunachobadilisha ni nafsi, "naumwa" inakuwa "anaumwa", na vile vimaneno vya mahali na siku, "kesho" inakuwa "kesho yake", "hapa" inakuwa "pale". Saa hatuigusi.

Kiingereza kinasoma saa ya anayesimulia. Kinakuuliza wewe uliyekaa na kalamu tarehe 20, hilo jambo kwako ni la sasa au la nyuma? Ukiandika "has not returned" umesema na leo bado, na wewe mwenyewe umelisimamia. Ukiandika "had not returned" umesema hapo alipokuwa anasema, ya baadaye sijui. Herufi moja tu, s na d, moja inampeleka mtu ofisini na nyingine inamwacha alale.

Na cha ajabu ni kwamba saa mbili tofauti ndo kitu tunachokiweza kuliko watu wote duniani! Simu yako inaandika 8:00, wewe unasoma saa mbili asubuhi, wala hujikuni kichwa. Mtoto wa darasa la tatu anaweza. Kama mwalimu wangu angesimama siku ile akasema, wanangu, Kiingereza kina saa yake hata kwenye kusimulia maneno ya watu, mkiingia humo geuzeni mishale, nadhani ningemwelewa kwa dakika tano na jedwali ningelitupa.

Mtaniambia ah, wewe umekosea mara moja ndo unalaumu walimu. Ingekuwa mara moja ningenyamaza. Kuna jingine ambalo sijawahi kumwambia mtu, na hili ndo linaniuma zaidi.

Mwaka jana tulipoenda TP nilipangiwa kidato cha tatu. Mada ikaangukia hii hii. Nami nikafanya kama nilivyofanyiwa, nikachora jedwali, safu mbili, nakilini. Halafu nikatoa zoezi, nikajiona mwalimu wa kisasa, nikawaambia waandike sentensi tano za maneno waliyoambiwa na watu wa nyumbani, siyo sentensi za kwenye kitabu. Nikakusanya madaftari nikaenda kusahihisha chini ya mti.

Binti mmoja, mkimya, anakaa dawati la mwisho dirishani, aliandika, "My mother told me that she is in hospital." Nikakata "is" kwa kalamu nyekundu, juu yake nikaandika "was", nikampiga kosa. Nne kati ya tano. Kesho yake nikarudisha madaftari. Kipindi kilipoisha akanifuata mlangoni, daftari limekunjwa pale pale, akasema, "Samahani mwalimu, lakini bado yupo." Sikumwelewa. Akarudia, "Mama bado yupo hospitali. Nikiandika 'was' si nitakuwa nimesema ameshatoka?"

Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Ndiyo kanuni ilivyo."

Akasema, "Sawa mwalimu, shikamoo," akaenda zake.

Yule mtoto alikuwa sahihi na mimi nilikuwa nimekosea. Tena alikuwa sahihi kwa Kiingereza chenyewe, sisemi kwa kumwonea huruma. Vitabu vya sarufi vilivyoandikwa na wenye lugha yao vinasema wazi kwamba jambo likiwa bado lipo unaposimulia, unaruhusiwa kuliacha kwenye wakati uliopo. Anayetaka kusema "was" aseme, haikatazwi, na "was" peke yake wala haimaanishi lazima ametoka. Lakini "is" siyo kosa, na ukiichagua umeongeza habari: bado. Yule binti alichagua. Alikuwa ana jambo la kusema kuhusu mama yake na alipata neno la herufi mbili linalolisema, mimi nikalikata kwa wino mwekundu. Yaani kwa mwanafunzi pale pasipohitaji kubadilisha nililazimisha, halafu kwa CR pale palipohitaji kubadilisha niliacha. Mtu yule yule, jedwali lile lile.

Ndo maana nasema, na walimu wenzangu watarajiwa mnisikie, jedwali lile lichaneni. Sisemi lina uongo ndani yake, mengi yaliyomo ni kweli kwa siku nyingi. Ubaya wake ni kwamba linamfundisha mtoto kubadilisha bila kujiuliza. Chukulieni mfano wa leo leo. CR kasema asubuhi, "I will give out the money tomorrow." Mchana unakutana na mimi kantini nakuuliza kasemaje. Ukinijibu kwa jedwali, "He said that he would give out the money the next day," nitakuona umetoka sayari nyingine, kesho yenyewe bado hatujaifikia! Mtu mwenye akili zake anasema "He said he'll give it out tomorrow." Wiki ijayo ukisimulia tena ndo itakuwa "would" na "the next day", kwa sababu saa yako wewe imesogea. Sentensi ile ile ya CR, majibu mawili, yote sahihi, inategemea umesimama wapi. Sasa kwenye mtihani utamwambiaje msahihishaji ulikuwa umesimama kantini?

Au hii, mtu kasema "I was born in Tanga." Jedwali linasema wakati uliopita unarudi nyuma zaidi, kwa hiyo "She said that she had been born in Tanga." Jamani. Mzungu gani anaongea hivyo? "She said she was born in Tanga", kwisha. Kuzaliwa kwake hakuna mtu atakayekuchanganya kulitokea lini. Na mambo ya siku zote, kama jua na dunia, yanaachwa yalivyo, hilo angalau hata sekondari tuliambiwa, ingawa tuliambiwa kama kipengele cha mwisho cha kukariri, "exceptions", badala ya kuambiwa kwamba hicho ndicho kilikuwa kidokezo cha mada nzima.

Halafu kuna vitu ambavyo Kiswahili chetu kingeturahisishia kabisa na hakuna anayetuambia. "Said" na "told". Kila mwaka watu wanaandika "He said me" na "He told that". Wakati sisi tuna "sema" na "ambia"! Ukimwambia mtoto "aliniambia", lazima kuna mtu ndani ya kitenzi, ndiyo "told me". "Alisema", hakuna mtu, ndiyo "said". Na ukimlazimisha mtu aingie kwenye "sema" inakuwa "alinisema", ambayo kila mtu hosteli anajua maana yake, umesengenywa au umepewa makavu. Dakika mbili tu somo limeisha. Amri nazo hivyo hivyo, "aliniambia niende", "aliniambia nisiende", ile "-e" ya mwisho ndo "to" yao, "told me to go", "told me not to go". Maswali ndo kidogo yana usumbufu kwa sababu wao wanapindua maneno wakiuliza halafu wakiripoti wanayanyoosha, "where I was going" na siyo "where was I going". Sisi hatupindui kitu, kwa hiyo ukifikiri Kiswahili hapo unatoka salama.

Sisi tunasoma msingi kwa Kiswahili, tunafika sekondari tunaambiwa tuache Kiswahili mlangoni, wengine mlivishwa vibao shingoni mnakumbuka. Matokeo yake ndo haya, mtu ana lugha nzima kichwani ya kujilinganisha nayo lakini anafundishwa kama kichwa chake ni chombo kitupu.

Na sasa hata Kiswahili chenyewe kinaanza kuigizwa Kiingereza. Hapa wadau wangu wa Kenya mnisamehe, najua mtanishukia. Mwaka wa pili niliazima vitabu vya sarufi vinavyotumika sekondari za huko, wao wanaita usemi halisi na usemi wa taarifa. Nikakuta wanafunzi wanafundishwa kwamba "-ta-" ikiingia kwenye taarifa inageuka "-nge-". Yaani, "Nitakuja kesho," alisema. Jibu, Alisema kwamba angekuja siku iliyofuata. Nikasoma mara mbili. Sasa hiyo "-nge-" imetoka wapi kama siyo kwenye "would"? Kiingereza kina "would" moja inayofanya kazi mbili, ya ahadi iliyosemwa zamani na ya sharti, mtu akaona "would" ya sharti kwetu ni "-nge-", basi na ile nyingine akaipa "-nge-" hiyo hiyo.

Mimi nenda kamwambie bibi yangu "Alisema angekuja." Bibi atakaa ananitazama anasubiri. Anasubiri "lakini". Angekuja lakini basi lilimwacha, angekuja lakini hana nauli. Kwa bibi yangu huyo mtu hakuja. Nikimwambia "Alisema atakuja", ataenda kuongeza maji kwenye sufuria. Najua kuna waliokua na ile ya vitabuni na masikioni mwao imeshakaa sawa, na lugha ni ya watu, siwezi kumwambia mtu wa Nakuru sikio lake ni bovu. Lakini hebu fikirini mambo ya hela. "Alisema atalipa" ni deni. "Alisema angelipa" mimi naona tayari mtu anatafuta mlango wa kutokea.

Na hii siyo michezo ya darasani. Kwa miaka mingi kwenye mahakama zetu za juu ya mahakama za mwanzo shahidi alikuwa anasema kwa Kiswahili, anaulizwa kwa Kiswahili, na kumbukumbu inaandikwa kwa Kiingereza. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, na mahakama za mwanzo zilishakuwa zinatumia Kiswahili tangu zamani. Lakini fikirieni majalada yote ya kabla ya hapo. Shahidi kasimama kasema, "Akaniambia atanilipa," aliyeko mezani anaandika Kiingereza papo hapo, anachagua "will" au "would", anachagua "has" au "had", shahidi hajui kimechaguliwa nini. Mimi niliyekuwa nimetulia asubuhi nzima na chai yangu nilikosea neno moja. Tangu kisa cha CR nikipita mahakamani nawaza hilo tu.

Kitu kingine nimekigundua, hiki cha pembeni. Sisi hosteli tukisimulia umbea hatutumii kauli taarifa kabisa! Ni "akaniambia, wewe dada una nini, nikamwambia, mimi sina kitu, akasema, haya bwana," na sauti tunaigiza, na mikono. Kauli halisi mwanzo mwisho. Tukitumia taarifa mara nyingi tunachomeka "eti". "Alisema eti anaumwa." Hiyo "eti" ndogo imeshakwambia msimuliaji haamini, wakati Kiingereza kinahitaji maneno marefu kusema hivyo. Sijawahi kuona mtihani unaouliza habari ya "eti". Ningepata mia.

Kwa hiyo ningekuwa na uwezo, mtihani ungekuwa hivi. Nisingetoa sentensi kumi zenye alama za kunukuu. Ningetoa barua fupi, mtu fulani kasema hivi tarehe hii, mambo yakabadilika tarehe hii, wewe unaandika tarehe hii, mwelezee mkuu wa shule alichosema bila kumponza na bila kumkingia kifua. Kusahihisha kutakuwa kugumu, najua, msahihishaji itabidi asome na afikiri, na darasa lina watoto themanini. Hilo silikatai. Sentensi kumi zinasahihishwa kwa dakika moja, na mimi mwenyewe kule TP nilikuwa na madaftari mlima mzima na jua linazama. Nadhani hata kosa la yule binti nililipiga kwa sababu ya uchovu kuliko ujinga. Lakini jibu nililompa mlangoni halikuwa la uchovu, lile nililijibu nikiwa macho.

Mama yake sijui alitoka lini. Sikuuliza. Nilikaa wiki nane pale na sikuuliza.

CR naye tumeongea juzi, kidogo. Nilimfuata vimbwetani nikamwambia kaka, nimekukosea, ni "has" tu, nilipaswa kuweka "had". Akacheka ile ya puani, akasema, "We katibu, mimi babu yangu kafa, unaniletea grama?" Nikanyamaza. Baadaye akaniuliza kama nina desa la semina ya Alhamisi alilokosa akiwa msibani, nikampa langu lote, nitatoa kopi nyingine.

Haya, nasikia ndoo zinagongana huko nje, maji yatakuwa yamerudi. Ngoja niwahi foleni.